Usioshe kwa Siku Tisini

Nywele za Mama Aikande zilitoka kichwani siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, zikiwa bado zimesukwa. Msusi wake wa pale nyuma ya soko la Kibondo alikuwa ameshika rasta moja ya mbele anaifumua polepole, mara rasta ikamjia mkononi nzima pamoja na mizizi yake. Akashika ya pili, nayo ikaja. Akaacha kufumua, akamwita mwenzake wa kiti cha jirani aje ashuhudie, maana katika kazi ile asiye na shahidi huambiwa yeye ndiye aliyeharibu. Ilipofika saa sita, mbele palikuwa peupe kutoka sikio hadi sikio, utosini pamebaki vichaka vitatu, na chumba kizima kilinuka kama tambara la kudekia lililosahauliwa ndani ya ndoo.

Mama Aikande alikuwa hajaosha kichwa kwa siku themanini na mbili. Si kwa kukosa maji, kwao kuna tangi la lita elfu tano. Wala si kwa kukosa sabuni. Mumewe, Bwana Elisante, ni meneja wa shirika la misaada linalogawa sabuni kwenye kambi za wakimbizi, na kila mwezi husimama mbele ya watu akawafundisha faida za usafi. Hakuosha kwa sababu chupa ilimwambia asioshe.

Chupa yenyewe ilikuwa ya dawa ya kikohozi, imesuuzwa, ikajazwa mafuta ya mise, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa za chikichi, yakatiwa manukato ya dukani. Ubavuni ilibandikwa karatasi yenye picha ya mwanamke kwa nyuma, nywele zimemfika kiunoni, na chini yake maneno haya: PAKA ASUBUHI, MCHANA NA JIONI. USIOSHE KWA SIKU TISINI, UTAUA DAWA. Mwenye mgongo ule ni Yusta. Aliyeandika maneno ni mumewe, Marcel, mtunza stoo wa shirika hilohilo la Bwana Elisante. Hizo siku tisini alizitoa wapi? Alizitoa kichwani mwake. Alifikiri kwamba mtu akisubiri miezi mitatu atakuwa ameshasahau alichoahidiwa, na asiposahau ataulizwa kama hakuna siku aliyonyeshewa na mvua.

Sasa tuseme kweli kuhusu nywele za Yusta, maana mji mzima ulizisema na hakuna aliyesema kweli. Hazikuwa na dawa. Zilikuwa na kazi. Kila Jumamosi alizigawa mafungu manne, akaziosha fungu kwa fungu kwa maji ya uvuguvugu, akisugua ngozi kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Zikiwa bado mbichi alizipaka parachichi lililopondwa likawa laini, akazifunika nusu saa, akasuuza. Akazitenganisha kwa vidole kwanza, halafu kwa kitana cha meno mapana, akianzia nchani na kupanda juu. Mafuta matone machache, basi. Kisha akazisukia uzi, mistari minene, bila kuvuta zile za malaika kwenye paji la uso. Akilala, kilemba cha satini. Kila baada ya miezi miwili alikwenda Kasulu kwa Nadine, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu ambaye hutoka kwa kibali siku za soko kuja kusuka, akamkata ncha zilizochoka. Miaka tisa alifanya hivyo, na hakuruka Jumamosi hata moja.

Na alikuwa akiwaambia. Hakuna mwanamke aliyeuliza akanyimwa. Wake wa maofisini walimsikiliza mpaka wakafika kwenye parachichi, hapo wakakonyezana. Anatuficha, wakasema wakishafika nje. Nani kaota nywele kwa kuosha tu? Wifi zake wa Gwarama walisema ni dawa ya Wakongo na kwamba siku moja itadai kafara. Watu wa namna hiyo ukiwapa kazi wanaona umewanyima, ukiwapa chupa wanakushukuru. Marcel aliligundua hilo, na ndio ugunduzi pekee aliowahi kuufanya maishani. Yusta alikataa kupigwa picha siku ya kwanza, akakataa siku ya pili, siku ya tatu akageuza mgongo akapigwa. Tusimsafishe sana na yeye. Mtu akizisifia nywele zako kila siku, mwisho unataka zionekane.

Jumatano asubuhi Bwana Elisante alimwita Marcel ofisini. Marcel alikwenda. Mikataba ya wafanyakazi wote ilikuwa inaisha mwezi ule, wafadhili walikuwa wamekata fedha, na kati ya watu kumi na wanane wangebaki saba. Orodha ya hao saba ilikuwa kwenye kompyuta ya Bwana Elisante, na ilikuwa iende Dar es Salaam Jumatatu, siku mbili baada ya sendofu, sherehe ya kumuaga bintiye Aikande anayeolewa. Mtu mwenye akili hapo angejua kwamba huu si mwezi wa kumpaka mke wa bosi mafuta ya kokwa.

Bwana Elisante hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimkaribisha kiti, akamweleza kwa utaratibu, kama anasoma ripoti ya robo mwaka, kwamba mke wake ameumizwa ngozi, daktari amempa dawa ya fangasi, na kwamba nywele zitaota Mungu akipenda. Lakini sendofu ni Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbini Kasulu, watu mia tatu. Na mke wake, kwa furaha yake ya kibinadamu, alikuwa amekwisha kuwatangazia wanawake wote wa Kibondo kwamba yuko kwenye dawa, na kwamba siku hiyo ya sendofu wataona maajabu.

Marcel akaomba radhi. Akaomba tena. Bwana Elisante akainua mkono.

"Mke wangu hataki pole," alisema. "Anataka nywele zilizo kwenye chupa."

Marcel, kwa ule ufahamu wake, akasema hakuna shida mkuu, zimebaki katoni tatu nyumbani, atazileta zote jioni hiyohiyo bila malipo. Ikabidi Bwana Elisante amfafanulie. Wigi za dukani ni nywele za Wahindi, zinateleza, zinang'aa, mtu akiziona yuko mlango wa ukumbi anajua. Zinatakiwa nywele za Mwafrika, ndefu, zenye afya, zenye rangi yake, na katika wilaya nzima kuna kichwa kimoja tu chenye hizo. Akamaliza kwa kusema kwamba hamlazimishi mtu, kila mtu ana uhuru wake, na kwamba ile orodha bado haijakamilika.

Jioni Marcel alikula ugali wa muhogo na maharage, akayasifu maharage. Mama yake mzazi, Niyubahwe, aliyekuwa amekuja kutoka Kitahana kutibiwa macho, akaacha kutafuna. Mwanawe alikuwa hajawahi kusifu maharage tangu azaliwe.

Marcel alianzia mbali. Alianzia kwa wafadhili Ulaya, akapita kwenye bei ya mafuta, akaja kwenye karo ya watoto wawili walioko bweni Kasulu, akagusa kodi ya nyumba, ndipo akatua kichwani mwa mke wake. Alisema yote akiwa ameangalia bakuli.

Yusta akauliza, "Anataka ninyolewe?"

"Si kunyolewa. Ni kukata tu. Nadine atazikata vizuri, atazifuma kwenye kofia. Atazivaa siku moja."

"Siku moja, halafu atazirudisha?"

Marcel akasogeza bakuli. Alisema, "Yusta, nywele zinaota. Mkataba hauoti."

Niyubahwe alikuwa ameonekana kama hasikii. Kiswahili kwake ni lugha ya hospitali na ya serikali, lakini hicho alikuwa amekielewa chote.

"Mwana wanje," alisema, "na mwezi ujao akitaka meno?"

Marcel akamwambia mama yake kwamba hayo ni mambo ya ofisi. Bibi akajibu kwa Kiha kwamba yeye haoni ofisi hapo, anaona kichwa cha mtu, na hilo jicho lake moja lililobaki linaona vizuri. Kisha akaendelea kula. Yusta aliondoka mezani akaenda kukaa uani, na Marcel kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akaosha vyombo. Aliviosha siku tatu mfululizo. Alichota maji, akapiga pasi magauni ya mke wake, akamwita mpenzi mbele ya majirani mpaka majirani wakadhani ana ugonjwa anaouficha. Mwanamume akiishiwa na heshima, hukimbilia sufuria.

Jumamosi Mama Aikande alikuja mwenyewe. Alishuka kwenye gari la shirika, dereva akimfungulia mlango, kichwa amekifunga vitambaa vitatu kimoja juu ya kingine kama mtungi unaovuja. Alikaa kwenye kochi kwa ncha ya kalio, akakataa chai, akakataa maji. Akasema hana muda, amekuja kuona tu.

Kuona tu, naam. Yusta alikuwa ametoka kuosha, kwa sababu ilikuwa Jumamosi, na nywele zilikuwa bado hazijasukiwa uzi. Mama Aikande akamwambia ageuke. Yusta akageuka. Mama Aikande akazishika, akazivuta mpaka chini kujua zinaishia wapi, akazipima uzito kiganjani, akazinusa. Akauliza kama zina chawa. Akauliza kama kuna mtu wa ukoo mwenye mba. Akafika nchani akaguna, akasema mbona huku mwisho zimekuwa nyembamba, na alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaka apunguziwe bei. Marcel alikuwa amesimama mlangoni anacheka kicheko kisicho na sababu. Yusta alisema kwa upole kwamba ncha huwa hivyo, ndiyo maana hukatwa kila miezi miwili.

"Basi nieleze zinatunzwaje," Mama Aikande akasema, "maana sasa nitakuwa nazo mimi."

Yusta akaeleza. Ilikuwa labda mara ya nne anamweleza mwanamke yuleyule. Akaanzia kwenye mafungu manne, maji ya uvuguvugu, parachichi, vidole kabla ya kitana, ncha kabla ya shina, uzi, satini. Safari hii Mama Aikande alitoa simu akamrekodi. Alipomaliza kurekodi akasimama, akajifunga vizuri vitambaa vyake, na kwa ukarimu wake akasema kwamba Yusta asione haya kuja sendofu, anaruhusiwa kufunga kilemba, yeye ni mtu wa nyumbani. Alipofika mlangoni akakumbuka jambo jingine. Akamwambia Marcel kwamba mchango wao wa sendofu bado haujaonekana kwenye orodha.

Gari lilipoondoka Yusta alirudi kuzisukia uzi nywele zake. Hasira alikuwa nayo, na fedheha alikuwa nayo, lakini karo ya wanawe wawili haikuwa hadithi ya Marcel, ilikuwa kweli, na mwenye nyumba naye alikuwa kweli. Alijua pia kwamba aibu ile ilianzia mgongoni mwake, siku alipogeuka apigwe picha. Akamwita Marcel, akamwita na Niyubahwe awe shahidi. Akasema atazitoa. Ila kwa sharti moja: biashara ya chupa ife siku hiyohiyo, karatasi zote zichomwe, asisikie tena mwanamke ameambiwa asioshe kichwa kwa ajili ya mgongo wake.

Marcel akaapa. Aliapa kwa Mungu, akaapa kwa kaburi la baba yake, na ili kukamilisha akaapa kwa macho ya mama yake, ambaye alimwambia aache hilo lililobaki.

Nadine alikuwa na kiti chake barazani kwa duka la vitenge pale Kasulu, na kibali chake cha kutoka kambini alikiweka kwenye mfuko wa plastiki akakivaa shingoni. Alipoambiwa alichoitiwa alicheka, akadhani ni mzaha. Alipoona Yusta hacheki, akaweka mkasi chini.

"Mama, hii miye sikate," alisema. "Miye nilikataka ncha tu. Hii sasa ni kukata muti na matunda yake. Bwana yako iko na akili?"

Yusta akamwambia kwamba akili za bwana wake ndizo zilizowafikisha pale. Nadine akasema yeye amekimbia vita, ameacha nyumba, ameacha kaburi za watu wake, lakini vile vitu vilichukuliwa na watu wenye bunduki. Hakuwahi kuona mtu anapanda basi kutoka Kibondo kupeleka mali yake mwenyewe kwa mnyang'anyi, tena na nauli amejilipia. Lilikuwa neno la kweli na lilimuuma.

"Kata, Nadine."

"Vrema? Kweli kabisa?"

"Kata."

Nadine akazigawa mikia kumi na sita. Kila mkia aliufunga uzi mara mbili karibu na ngozi, akausuka hadi mwisho, akaukata juu ya uzi, akaulaza kwenye kanga iliyotandikwa barazani. Watu waliokuwa wakipita walisimama. Mwenye duka alitoka akauliza kuna msiba gani. Yusta hakulia mpaka mkia wa mwisho, na hata hapo hakulia kwa sauti, machozi yalishuka tu naye akayaacha. Alipopewa kioo aliona masikio yake, akashangaa yalivyokuwa makubwa. Kabla ya kuondoka alimwelekeza Nadine asizifume kwa kuvuta sana, na akifika kambini azinyunyizie maji kidogo zisikauke. Nadine alikataa kupokea hela yake. Alisema ya huyo bibi wa shefu, mke wa bosi, ataipokea, tena ataiongeza.

Sendofu ilifana. Tuseme hivyo, maana ndivyo ilivyoandikwa kwenye magrupu ya simu. Ukumbi ulipambwa kwa vitambaa vya zambarau, keki ilikuwa ya ghorofa tano, na mshereheshaji aliletwa kutoka Kigoma mjini, bwana mmoja mwenye koti la kumetameta ambaye alicheka vichekesho vyake kabla ya wengine. Aikande mwenyewe aliingia, akapigiwa makofi ya adabu. Kisha akaingia mama yake.

Alikuwa na gauni la dhahabu na nywele zimeachwa wazi, zimemshuka mpaka kiunoni. Ukumbi ulitoa sauti moja. Wanawake walisimama, wengine wakapanda viti. Waliokuwa wanasema amenyonyoka, na karibu wote walikuwa wanasema amenyonyoka, walipiga vigelegele kuliko wengine. Mshereheshaji, aliyejua kazi yake, akasahau bibi harusi akamkimbilia mama na kipaza sauti, akamwomba awape kina mama siri.

Na Mama Aikande akawapa. Akawaambia kwamba nywele ni kazi, si bahati. Akasema yeye kila Jumamosi huzigawa mafungu manne, huziosha kwa maji ya uvuguvugu, hupaka parachichi, huanza kwa vidole halafu kitana cha meno mapana, kutoka nchani kupanda juu. Kulala, satini. Alikuwa ameyakariri vizuri, hata pale Yusta alipokohoa kwenye simu naye alipumzika. Wanawake walewale waliokonyezana miaka yote walikuwa wanaandika, mmoja anaandika kwenye karatasi ya kufutia mikono. Halafu akamalizia kwamba hayo yote ni bure bila mafuta, na mafuta anayo kijana wao Marcel, yupo hapohapo ukumbini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza inakuwaje mtu aoshe kila Jumamosi na dawa inasema usioshe siku tisini. Lau wangekuwa watu wa kuuliza, chupa isingekuwepo.

Yusta alikuwa amekaa meza ya nyuma na mama mkwe wake, kilemba kichwani. Aligeuka kumtafuta mumewe. Akamwona anapita meza kwa meza, simu mkononi, anaandika majina ya wanaotaka chupa. Hakuwa na haraka wala aibu. Akimaliza meza moja anainamisha kichwa, anasema asante mama, anakwenda meza nyingine. Wakati huo jirani wa Yusta, mke wa mhasibu, alikuwa amegundua kwamba chini ya kile kilemba hamna kitu. Akamshika goti kwa huruma. Akamwambia mdogo wangu, usijiachie namna hiyo, mwanamke ni nywele, muone Mama Aikande na umri wake wote, kwa nini usijaribu yale mafuta. Niyubahwe aliuliza kwa Kiha huyu mwanamke anasema nini. Yusta alimtafsiria. Bibi akamtazama yule mwanamke juu mpaka chini, akamwomba ampishe anataka kutema mate.

Ukafika wakati wa zawadi. Wake wa wafanyakazi wa shirika walikuwa wamechanga wakanunua jiko la gesi, na ilikuwa imepangwa kwamba Yusta ndiye atakayesema neno kwa niaba yao. Mpango huo ulikuwa wa Marcel. Alimwandikia hata maneno, kwenye kikaratasi, yenye kumshukuru Bwana Elisante kwa ulezi wake na kumwomba aendelee kuwa na moyo huohuo. Jumatatu ilikuwa keshokutwa. Yusta alijua orodha itakwenda, na alijua jina la mumewe lilikuwa limeshaingia, kwa sababu Marcel alikuwa ameonyeshwa. Alichotakiwa ni kusoma mistari minne na kurudi kukaa.

Wakaenda wakicheza, jiko limebebwa mbele. Kadiri alivyokaribia meza kuu ndivyo alivyoziona vizuri. Zilikuwa zimepigwa pasi ya moto. Alisikia harufu yake kabla hajafika, ile harufu ya nywele zilizoungua. Pembeni ya paji zilikuwa zimechanwa kavu kutoka juu kushuka, zimekatikakatika, vipande vifupi vimesimama, na begani kwenye lile gauni la dhahabu vilikuwa vimedondoka vingine. Hata wiki haikutimia. Kitu alichokilea miaka tisa, mtu alikuwa amekiua kwa siku chache, na maelekezo anayo kwenye simu.

Mshereheshaji akampa kipaza sauti. Yusta alikuwa na kile kikaratasi mkononi. Hakukifungua. Akafungua kilemba, akakiweka juu ya jiko la gesi, kichwa chake kikawa wazi mbele ya watu mia tatu, kidogo na cheusi.

"Mama Aikande, nina neno moja tu," alisema. "Nywele zangu usizichane zikiwa kavu, wala usizipige pasi. Nimezilea miaka tisa. Zitakatika zote, na mimi sina nyingine za kukupa."

Yule bwana wa koti la kumetameta, ambaye alikuwa na maneno kwa kila jambo tangu saa kumi na mbili, alifungua mdomo akaufunga. Bwana Elisante hakumtazama mkewe, alimtafuta Marcel kwa macho, akamkuta meza ya sita, kidole bado kiko juu ya simu. Mama Aikande hakusema si kweli. Angesema hivyo huenda wengi wangemwamini, maana walitaka kumwamini. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imekwisha kwenda kichwani yenyewe, ikaishika ile kofia ya nywele, mmoja huku mmoja kule.

Bwana Elisante akatoa ishara muziki upigwe. Ukapigwa, tena kwa sauti kubwa. Hakuna aliyecheza. Watu wote walikuwa wanaitazama ile mikono miwili, nayo ikashindwa kushuka.